Mwanangu, kilomita ya kwanza usiisikilize miguu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Umeuliza kwa nini ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa mizito kama si yako, ilhali ukikimbia bila kuendesha kwanza huna shida. Si uvivu. Kwenye baiskeli umekaa, nyonga zimekunjika, kiwiliwili kimeinama, na kiti kinakubebea uzito. Ghafla unayadai mapaja yaleyale yapokee kishindo cha kila hatua. Mwili hubaki umeinama, hatua hufupika, na kwa mwendo uleule unahitaji oksijeni zaidi. Ongeza jasho lililokutoka na wanga uliopungua misulini, mapigo ya moyo lazima yapande.

Ila kinachowaponza wengi ni kasi. Miguu iliyokuwa ikizungusha pedali mara 90 kwa dakika huendelea kupiga hatua za harakaharaka bila wewe kujua, na macho yaliyozoea mwendo wa baiskeli hukuonyesha kwamba unajikokota. Katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, yenye kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio, ukiivamia kilomita ya kwanza utailipia ya saba au ya nane. Tazama saa. Kilomita hiyo ichelewe sekunde 10 hivi kuliko mwendo uliopanga, kisha, pumzi ikishatulia, ongeza mwendo.

Tena kazi ianze kabla hujashuka. Kilomita mbili za mwisho weka gia nyepesi uzungushe kwa wepesi, simama kidogo juu ya pedali, shusha visigino, sukuma nyonga mbele. Penye mlima badili gia mapema, maana kukandamiza gia nzito ndiko kunakoyamaliza mapaja. Kula na kunywa ukiwa bado umekaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tumbo likianza kutikisika halipokei vizuri.

Mazoezini, mara moja kwa wiki endesha dakika 45, kumi za mwisho kwa kasi ya mashindano, badili viatu papo hapo, kimbia dakika 15. Usizidishe, nakusihi. Unachokizoeza hasa ni dakika za mwanzo, ukipitiliza hizo 15 ni uchovu wa bure.

Na kile kiti kipime upya. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Kikiwa chini mno, mapaja ya mbele hufanya kazi kupita kiasi, na ndiyo hayohayo utakayoyahitaji ukikimbia.

Ukimaliza zoezi niandikie muda wa kila kilomita, si wastani peke yake.

Mama yako