Usimalize hela zote kwenye kununua: bajeti ya gari la porini lililotumika

Mteja akitupigia simu gereji kuuliza bei ya kuinua Prado, kufunga mkonga (bomba la kuvuta hewa ya injini kutoka juu) na bampa la chuma, swali letu la kwanza huwa ni hili: baada ya kununua gari, umebakiwa na shilingi ngapi? Mara nyingi hela yote imeishia kwa muuzaji. Alikuwa na milioni 30, akapata gari la milioni 29 na nusu, akapeana mkono na dalali, na sasa anataka tulitengeneze la kwenda Natron. Tukilipandisha na kuangalia chini, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja, na taimingi belti hakuna anayejua ilibadilishwa lini. Gari la namna hiyo halihitaji winchi (mashine ya kujivuta ukinasa). Linahitaji matengenezo ambayo hata ukipiga picha hayaonekani.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu ambaye hela yake bado iko mfukoni.

Hesabu tunayowapa wateja wetu hapa Arusha ni rahisi. Chukua hela uliyonayo leo, usihesabu ile unayotegemea kupata. Theluthi mbili ndiyo bei ya juu kabisa ya gari. Inayobaki ina kazi mbili: sehemu kubwa ni ya kulirudisha gari katika uzima wake, na sehemu ndogo ni ya marekebisho. Mwenye milioni 40 atafute gari la milioni 26, milioni 8 aziweke kando kwa ajili ya injini, breki, miguu na tairi, na milioni 6 ndizo za kuligeuza liwe la porini. Wengi wanaona tunawanyima gari zuri. Hapana, gari la milioni 26 lililohudumiwa kwa milioni 8 litakufikisha Loliondo na kukurudisha, na la milioni 38 ambalo halijaguswa unaweza kulala nalo njiani.

Wapo wanaopenda kuagiza Japani. Kuagiza si vibaya, ila usidanganywe na bei ya mtandaoni. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Gari la kutembelea lenye umri unaozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uzee, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote hivyo. Kwa Prado ya dizeli ya zamani, kodi peke yake inaweza kuzidi thamani ya gari. Halafu TRA hupiga hesabu kwa thamani iliyoko kwenye mfumo wao, si lazima iwe ile uliyolipa kwenye ankara. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, kitumie kabla hujatuma hata senti, na ukumbuke kwamba viwango huweza kubadilika kila bajeti ya serikali inaposomwa.

Kwa gari lililoko nchini tayari, wanunuzi wetu wana mazoea ya kupima kwa namba. Utasikia "hii ni namba D," na bei inapanda. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini, wala lilikuwa likifanya nini kabla ya kufika. Hardtop (Land Cruiser ya kazi) ya namba C iliyokuwa ya misheni, yenye daftari la huduma, tungeichukua mbele ya namba D iliyobeba watalii kila msimu kwa kupokezana madereva. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Ukiwa hapo ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mtandaoni uone kama lina deni la faini za trafiki, maana deni hilo linafuata gari.

Sasa injini, na hapa ndipo bajeti za watu huvunjika.

Hardtop yenye 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Haina mbio, lakini pampu yake ni ya kimekanika na fundi wa Karatu au wa Mugumu ataielewa bila kompyuta. Ndiyo maana kampuni za safari zimeing'ang'ania. Taimingi belti yake ni ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa kilomita za gari lililotumika haziaminiki, hesabu belti mpya kama sehemu ya bei ya kununua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimechoka, na kufungua injini ile si kazi ya laki mbili tatu.

Prado ya kizazi cha 90, zile za miaka ya 1996 hadi 2002, nyingi zina 1KZ ya lita 3. Ugonjwa wake unajulikana: ikichemka, silinda hedi inapasuka. Nenda ukaikague asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Shika boneti, iwe baridi. Minya mpira wa juu wa rejeta. Injini iliyolala usiku kucha haitakiwi kuwa na presha, kwa hiyo mpira ukiwa mgumu, gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko cha rejeta uangalie kama kuna utando wa oili, kisha mwambie awashe wewe ukiwa unatazama maji. Mapovu yakipanda bila kukoma, ama punguza bei ya hedi mpya na kazi yake yote, ama ondoka. Muuzaji aliyeliwasha gari "kulipasha moto" kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Iliyofuata, Prado 120, mara nyingi ina 1KD. Ni injini nzuri sana ikitunzwa, lakini nozeli zake (vinyunyizio vya mafuta) hazitaki mzaha. Zile washa za shaba (pete za kuziba) chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la chini kabisa kwenye sampu, na injini inakosa oili huku kila kitu kikionekana kizima. Ukinunua 120, hesabu kupimwa kwa nozeli na kubadilishwa kwa washa hizo. Seti kamili ya nozeli halisi ni hela nyingi. Jua hali yake kabla, si baada.

Jimny ya 1.3 ya petroli ni chaguo ambalo watu hulidharau bure. Uzito wake unazidi tani moja kidogo tu, tairi zake ni nafuu, na kwenye tope wepesi ni nguvu. Kosa lake ni usukani kutetemeka kwa nguvu ukifika mwendo fulani, na chanzo huwa ni beringi za juu na chini ya ekseli ya mbele au bushi zilizolika. Inatibika. Land Rover 110 ya 300Tdi nayo ina spea kila mahali na mafundi wake wamejaa, ila uwe na fundi wako wa karibu.

Kwenye gari lolote, ingia chini na tochi. Gari lililoishi pwani, au kwenye baridi ya kaskazini mwa Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji, huoza chesisi kwa ndani wakati bodi inang'aa. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya nyuma juu ya ekseli. Angalia pale shokapu zinapofungwa kama kuna nyufa au kuchomelewa upya. Halafu ingiza gia ya chini ya porini uendeshe mita chache. Kuna magari ambayo hayajawahi kuingizwa 4x4 tangu yafike nchini, na siku ya kwanza ya kujaribu haitakiwi iwe kwenye tope la Ndutu.

Ukishanunua, zile milioni 8 zianze kazi. Oili zote zimwagwe: ya injini, ya giaboksi, ya transfa, ya difu zote mbili, na maji ya breki na ya rejeta. Oili ya difu ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili pamoja na beringi zinafuata. Badilisha belti, mipira ya maji, pedi za breki, bushi. Wanaokwenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta spea wenyewe tunawaomba wasibanie pale gari likiharibika linapoua: breki, tairodi, boljointi. Spea ya mtumba ya mlango au taa haina tatizo, ya breki ina tatizo.

Tairi zinahesabiwa hapa, si kwenye marekebisho. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini raba ya zamani litapasuka kwenye mawe ya Engaruka, na muuzaji atakuwa ameshakuonyesha meno hayo kwa fahari.

Na ukubwa je? Kila mtu anataka makubwa. Chukua Prado yenye 265/70R16. Kipenyo chake ni karibu milimita 777. Ukivaa 285/75R16 unafika 834, yaani ongezeko la asilimia 7 na kidogo. Spidomita ikisoma 80, wewe unakwenda karibu 86. Gia zote zimekuwa nzito, injini inapandisha mlima kwa shida, mafuta yanaongezeka, breki zinabeba mzigo zaidi, na tairi linaweza kuanza kugusa fenda ukikata kona. Kwa hiyo bei ya tairi kubwa si bei ya tairi peke yake. Kwa matumizi ya wateja wetu wengi, tairi za saizi ya kiwandani, za aina ya kila eneo (all-terrain), zenye kuta imara, zinatosha. Hardtop zinazotembea na 7.50R16 nyembamba hazivai hivyo kwa umaskini. Zinakata tope hadi kwenye udongo mgumu.

Sasa tufike kwenye milioni 6. Mpangilio wetu unawakera baadhi ya wateja kwa sababu vinavyoonekana vinakuja mwisho. Kwanza kampresa ndogo ya upepo na kipimo cha presha. Kushusha tairi hadi psi 20 hivi kwenye mchanga kunafanya kazi ambayo hakuna kifaa cha milioni kitakachoifanya, mradi uwe na cha kuzijaza tena. Kisha kamba nzuri ya kuvutia na shakeli zake, koleo, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela; ukikatika unaruka na kuua mtu.

Baada ya hapo springi na shokapu, kwa kadiri ya mzigo utakaobeba kweli. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, na mikunjo yake kama bati, huchemsha shokapu dhaifu mpaka zinaacha kufanya kazi. Kuinua gari sentimita 5 ni salama kwa mengi ya magari haya. Ukipita hapo, Prado inaanza kula sivi jointi kwa sababu ya pembe, na hardtop inahitaji kurekebishwa ekseli ya mbele ili usukani urudi katikati.

Mkonga ni kitu kizuri, zaidi kwa vumbi kuliko kwa maji. Unavuta hewa ya juu, na chujio linadumu. Ila mkonga wa bei chee usiozibwa vizuri kwenye maungio hausaidii mtoni hata kidogo, na mipira ya kupumulia ya difu isipoinuliwa, maji yanaingia kwa chini.

Uzito ndio gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara. Bampa la chuma, winchi yenye waya, keria, hema la juu ya paa, tangi la maji: kila kimoja kina makumi ya kilo, na vikijumlishwa ni kama kubeba watu wazima wanne kabla familia haijapanda. Vingine viko juu ya paa, ambako gari linayumba. Angalia kwenye kitabu cha gari paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi.

Winchi tunaiweka mwisho kabisa. Kwenye nyanda za nyasi fupi kati ya Naabi na Ndutu hakuna mti wa kufungia. Mwenzako mwenye gari la pili na kamba nzuri ana thamani kuliko winchi. Ukiwa bado unaitaka, nguvu yake iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa.

Ukibadilisha injini, rangi au bodi, kadi nayo irekebishwe TRA, na bima waambiwe, ili siku ya ajali wasipate sababu ya kukataa.

Tunakagua magari kabla ya kununuliwa, likiwa Arusha au Moshi. Mpange na muuzaji mkutane kwetu mapema asubuhi, gari likiwa limelala hapo au limevutwa, injini isioshwe, na kadi halisi iwepo. Ukaguzi unachukua nusu siku. Ukimaliza unapewa orodha iliyoandikwa ya kila kinachohitaji hela, kwa bei za spea za wiki hiyo, na unaweza kurudi nayo kwa muuzaji kuzungumza bei.