Mnataka muhuri ama mnataka kazi?

Mhariri,

Mimi ni mchora mabango hapa Kariobangi, hizi saluni na buchari mnazoona nyingi ni mkono wangu, na kila Jumamosi tunachora na watoto kwa holi ya mtaa. Mwaka jana akaja binti wa chuo cha sanaa anatafuta atachi, yaani mafunzo ya kazini ya chuo, nikamwambia mimi sina ofisi wala mshahara lakini kazi iko, akakaa miezi mitatu.

Mwanzo, niseme tu ukweli, alikuwa bure kabisa. Chuoni amezoea rangi ya tyubu na kanvasi safi, huku akapata watoto arobaini na makopo sita ya rangi iliyobaki kwa mjengo. Siku ya kwanza aliwapanga laini kama gwaride, kopo likamwagika, mmoja akapaka mwenzake uso mzima na mama mtu akaja juu. Kufika wiki ya tatu ashajua wakubwa wachore na chaki wadogo wajaze rangi, na ashajua vile utaongea na mwenyekiti wa holi mpaka akupe ufunguo. Ukuta wa choo uliokuwa umejaa matusi saa hii uko na picha za matatu na kuku, na hakuna mtu amegusa (kuku mmoja ana miguu mitatu, tuliamua abaki hivyo).

Sasa akarudi chuoni na logibuku, kile kitabu cha kuandika kazi ya atachi, nimesaini vizuri, mkufunzi akauliza muhuri wa kampuni uko wapi. Muhuri nitoe wapi mimi? Akaambiwa arudie, akaenda kwa duka la kuprinti, huko kazi ikawa kukata stika na kuletea bosi chai, na hiyo ndio ikapita.

Na wale wasanii wa kundi la Maasai Mbili huko Kibera, si walianza 2001 wakiwa wachora mabango wawili tu? Kundi la Wajukuu la Mukuru nalo, wanaofunza watoto wa mtaa kuchora, 2022 walienda Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, wakatoka na tuzo ya Arnold Bode. Alafu saa hii tuko na sekondari ya juu yenye mkondo wa sanaa na michezo, hao watoto watafunzwa na nani kama wa chuo wenyewe hawajawahi simamia hata kumi na brashi?

Mimi ningesema chuo kiachane na muhuri, kitume mtu aje aone kwa macho, na kama kuna pesa kidogo wampe mwanafunzi nauli maana basari inalipa karo tu na mvua ikinyesha nauli inapanda, huyu wetu kuna jioni alitembea mpaka Pangani.

Bado anakuja Jumamosi, bila logibuku. Mkufunzi naye akitaka kuja, tunafungua saa tatu asubuhi, avae nguo asiyoipenda.

Mchora mabango,
Kariobangi, Nairobi