Msiba wa aliyejitoa uhai nao ni msiba

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini hadi leo nikiwa mstaafu, na katika muda wote huo sikuwahi kukuandikia, hata ile mara ulipochapa bei ya korosho ya mnada wa wilaya nyingine ukaiita yetu. Habari yako ya mwezi uliopita kuhusu kijana aliyejitoa uhai na kuzikwa pasipo ibada ndiyo imenishinda kuivumilia. Mwandishi wako alieleza kwa kirefu namna kifo kilivyotokea, jambo ambalo halikumhusu msomaji hata kidogo, akaweka na picha ya watoto wa marehemu wamesimama mlangoni pa nyumba yao, kisha akamalizia kwa sentensi moja kwamba maziko yalifanyika bila viongozi wa dini kwa mujibu wa taratibu. Taratibu zipi? Za dini ipi? Ni nani aliulizwa, na alizisoma wapi?

Nauliza kwa sababu mimi ni mjomba. Kwetu Wamakua, kama ilivyo kwa Wayao na Wamakonde, mtoto wa dada akifariki mjomba ndiye anayetazamwa, na mpwa wangu alipojitoa uhai walinitazama mimi. Sitaeleza alikufaje wala kwa nini, kwa sababu la kwanza halina faida kwa mtu na la pili hakuna anayelijua lote, ingawa kijijini kila mwenye mdomo alikuwa na jibu lake: huyu anasema karogwa, yule anasema madeni, mwingine anamtaja mke.

Polisi na daktari walipomaliza kazi yao na kuturuhusu kumchukua marehemu, nilikwenda kwa viongozi wa kigango chetu cha Kikatoliki, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, kuomba yale yale ambayo kila mfiwa hupewa bila hata kuomba: kengele ipigwe, jina lisomwe kwenye matangazo, katekista aongoze maziko kwa kuwa padri alikuwa safarini, na akina mama wa jumuiya waje kupika. Kiongozi mmoja alinijibu, yeye ameketi na mimi nimesimama, kwamba Kanisa halimzikii mtu wa namna hiyo, kwamba kengele haiwezi kulia kwa ajili yake, na kwamba ingekuwa busara tumalize mapema kabla watu hawajajaa. Masufuria ya jumuiya, ambayo mpwa wangu alichangia kuyanunua na ambayo aliyabeba kwenda misiba ya watu wengine tangu hajaota ndevu, yalikuwa yamefungiwa stoo, na mwenye ufunguo ikasemekana amekwenda shamba, shamba lipi hakuna aliyejua. Kwaya aliyoiimbia besi kwa miaka mingi haikukatazwa na mtu kuimba. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Hata watani, ambao katika msiba wowote hujilaza kwenye kaburi wakidai ujira mpaka mfiwa acheke, siku hiyo walisimama pembeni hawajui kama wana ruhusa ya kutania. Wapo waliokuja, nami nawashukuru, lakini wengi wao walikaa mbali chini ya mwembe wakiulizana swali moja, alikuwa na nini, alikuwa na nini, huku mjane ameketi ndani na dada yangu peke yao, wanawake wawili katika chumba ambacho kwa msiba wa kawaida kisingekuwa na pa kuweka mguu. Waliotusitiri ni majirani zetu Waislamu. Walileta majamvi na turubai, vijana wao wakashika majembe pamoja na wa kwetu, na wake zao wakapika wali na kunde wakatulisha, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza marehemu alikuwa na nini.

Padri aliporudi nilimfuata. Hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Alinikalisha chini, akanieleza kwamba ni kweli zamani Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1240, iliwanyima maziko ya Kanisa watu waliojiua kwa kukusudia, lakini sheria mpya ilipotolewa mwaka 1983 watu hao hawakutajwa tena katika orodha ya wanaonyimwa maziko. Akanisomea na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, ambayo haifichi kwamba kujiua ni kosa zito, ila inakiri kwamba maradhi ya nafsi, uchungu mkubwa au hofu kali hupunguza lawama ya mtu, na inatutaka tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai, kwa kuwa Kanisa huwaombea. Kisha akaja kaburini akasali, na jina la mpwa wangu likaingizwa katika nia za misa. Kwa maneno mengine, Mhariri, ile amri niliyosomewa nikiwa nimesimama haikutoka Roma wala kwa askofu, bali katika kumbukumbu za mtu mmoja ambaye kanuni aliyoishika ilikuwa imekwisha kuondolewa miaka mingi iliyopita, na hakuona haja ya kumpigia padri wake simu.

Isije ikadhaniwa kwamba nawasema Wakatoliki pekee. Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, aliposoma habari yako alikasirika kuliko mimi. Aliniambia kwamba hadithi ambayo wengi huishikilia ni ile ya Jabir bin Samura iliyomo katika Sahihi Muslim, kitabu kilichokusanya hadithi za Mtume, ambamo Mtume hakumswalia mtu aliyejiua, lakini wanavyuoni wengi, na wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu walio wengi katika pwani yetu kuanzia Mikindani hadi Kilwa, wamesema kwamba mtu huyo huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu kama mwenzao mwingine yeyote, na kwamba Mtume alijizuia yeye binafsi ili kuwatahadharisha watu na tendo lile. Akaniongezea habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, sahaba wa Mtume, akaugua Madina, akashindwa kuvumilia maumivu akajidhuru hadi akafa, na Mtume alipoelezwa habari zake alimwombea msamaha. Hadithi hiyo nayo imo katika Sahihi Muslim, lakini mwalimu anasema hajawahi kumsikia mtu akiitaja makaburini.

Maana yangu ni kwamba dini zetu zote mbili zinalaani tendo bila kuwafunga mikono waombolezaji. Wanaofunga mikono ni sisi wenyewe, kisha tunasingizia vitabu.

Na kwa kuwa nimekwisha kuanza, niseme na hili la michango, maana ni mtoto wa mama yule yule. Siku hizi mtu akifa katika baadhi ya jumuiya zetu, kabla hajapelekewa mkeka hufunguliwa daftari. Alilipa zaka? Alihudhuria jumuiya mara ngapi? Ana deni la ujenzi wa nyumba ya katekista? Nimeona kwa macho yangu mzee aliyekufa kwa ugonjwa akicheleweshewa ibada hadi wanawe walipokwenda kukopa ili walipe malimbikizo ya baba yao, na risiti ikaandikwa jina la marehemu. Nimeona pia rambirambi ikisomwa kwenye kipaza sauti, jina na kiasi, hata aliyetoa shilingi elfu moja akainamisha kichwa kana kwamba ameiba. Watu waliozoea kuufanya msiba kuwa siku ya kukagua hesabu za mtu hawawezi kushindwa kuukagua na moyo wake. Ndiyo maana kijana anapolemewa hathubutu kusema neno katika jumuiya hiyo hiyo: anajua kwamba kila kitu huandikwa.

Serikali nayo inatusaidia vibaya. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kwa hiyo aliyenusurika, ambaye angestahili kukimbizwa hospitali na kukaliwa na ndugu usiku kucha, hufichwa ndani kwa kuogopa polisi, na familia huapizana kwamba ilikuwa ajali. Ghana imekwisha kulifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinacholifanya kuwa kosa kinakwenda kinyume cha Katiba. Sisi bado tunamtisha kwa kifungo mtu ambaye hata kifo hakimtishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 727,000 walijiua duniani katika mwaka 2021, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Je, hao wote walizikwa pembeni ya makaburi, kabla watu hawajajaa?

Jambo ambalo mwandishi wako hakuligusa kabisa ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni waliobaki. Wataalamu wa afya ya akili wanajua, na wametahadharisha mara nyingi, kwamba aliyefiwa kwa kifo cha namna hii yumo yeye mwenyewe katika hatari kubwa kuliko mfiwa mwingine. Anabeba huzuni, anabeba aibu, na anabeba swali lisilo na wa kulijibu. Huyo ndiye wa kulaliwa nyumbani kwake usiku mwingi zaidi, lakini sisi ndiye tunayemwanulia tanga mapema. Mjane wa mpwa wangu alikaa na mikorosho iliyomezwa na majani, hana wa kumsaidia kufyeka, na wale waliomwona njiani walivuka upande wa pili, si kwa ubaya wa roho, nadhani, bali kwa kukosa la kumwambia. Pole inatosha. Na kama mtu ana hofu kwamba huyo mwenzake naye anawaza kufa, amuulize waziwazi, kwa kuwa imethibitika kwamba kumuuliza mtu swali hilo hakumwingizii wazo hilo kichwani, bali mara nyingi humpa nafuu ya kusema.

Sasa napendekeza, na naomba mapendekezo haya uyachape kwa herufi za ukubwa ule ule uliotumia kuchapa habari ya kifo. Kila kigango na kila msikiti kati ya Mtwara na Nachingwea uwe na ufunguo wa pili wa stoo ya masufuria na majamvi, na ufunguo huo akae nao mtu wa dini nyingine, kwa maana nimekwisha kuona ni nani huja. Kiongozi yeyote wa jumuiya atakayetamka msibani kwamba dini hairuhusu, ataje kitabu, mwaka na namba, na akishindwa, akachote maji ya kupikia. Atakayeuliza marehemu alikuwa na nini apewe masufuria ayasugue hadi tanga lianuliwe. Matanga yalalwe kwa idadi ile ile ya usiku ambayo yangelalwa kama marehemu angekufa kwa malaria, na yakiisha wateuliwe watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao watakwenda kwa wafiwa kila wiki hadi korosho za msimu huo ziwe zimeuzwa, wakiwa na jembe mkononi na si Biblia peke yake. Nawe, Mhariri, mara nyingine ukimtuma mwandishi katika msiba wa namna hii mwambie aache kamera ofisini, asiulize kifo kilivyotokea, na arudi tena siku ya arobaini aandike ni nani bado yupo.

Yule kiongozi wa kigango chetu nimempelekea nakala ya barua hii. Kama kikwazo ni gharama ya ufunguo wa pili, nitauchongesha mimi kwa fundi wa sokoni Masasi, na fedha yangu sitaidai, wala sitaki isomwe kwenye kipaza sauti.

Mjomba wa marehemu,
Wilaya ya Masasi, Mtwara