Tukague swichi kabla ya kutandaza mtandao wa juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi wenzangu wanaohudumia programu zilizogawanywa kwenye seva nyingi. Siku hizi tunakimbilia mtandao wa juu, yaani ule unaoundwa na programu na kupita ndani ya mtandao mwingine, kabla hatujaukagua mtandao wenyewe wa swichi (vifaa vinavyounganisha seva) na nyaya unaoubeba.

Faida zake sizikatai: VLAN za kawaida, yaani vipande vya mtandao vilivyotengwa ndani ya swichi zilezile, hazizidi 4,094, ilhali VXLAN, njia ya kuunda mtandao wa juu iliyoelezwa mwaka 2014 katika waraka RFC 7348, hufikisha vipande takriban milioni 16. Lakini kwenye IPv4, toleo la nne la itifaki ya intaneti (IP), VXLAN huongezea kila pakiti, yaani kifurushi cha data, baiti 50. Mahali nilipofanya kazi, swichi ziliachwa kwenye kikomo cha ukubwa wa pakiti cha baiti 1,500, kwa hiyo pakiti kubwa zilizoongezewa zilikipita. Pakiti ndogo za majaribio zikajibiwa vizuri, mafaili makubwa yakakwama, nasi tukailaumu hifadhidata kwa siku mbili nzima.

Mwenye seva kumi za mteja mmoja njia za kawaida za IP zinamtosha, na hitilafu ataigundua mapema. Mwenye wateja wengi wanaopaswa kutengwa autumie mtandao wa juu, ila kwanza apandishe kikomo cha kila swichi njiani.

Fundi mitandao,
Dar es Salaam