Babu hakuchanganya mambo

Bristol, Uingereza
Jumapili usiku

Swahiba wangu Idi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mtoto. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imelegea, na zamu za usiku sasa naziona nyepesi kidogo kwa kuwa kunakucha mapema. Nimekaa kukuandikia kwa kalamu, badala ya kukurushia sauti kwenye simu, kwa sababu kuna picha tatu ndani ya bahasha, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Hasa Babu. Yeye mpe kwanza shikamoo yangu, picha zitafuata.

Idi, Babu hakuchanganya mambo. Ile ndege aliyotuambia ipo. Jana nimesimama chini ya tumbo lake.

Unakumbuka tulivyombishia. Tulikuwa darasa la sita, tumetoka banda la video pale Kawe, vichwa vimejaa Chinook, ile helikopta yenye mapanga mbele na nyuma, kila mmoja anaigiza mlio wake. Babu alikuwa barazani anashona wavu. Akatusikia, akasema hiyo naijua mimi, ilipita juu ya minazi yetu mwaka wa maasi, 1964. Mapanga mbele, mapanga nyuma, na pua imeinuka kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Sisi na madaftari yetu ya ndege tukamwambia, Babu, haiwezekani, Waingereza walianza kuzipata Chinook miaka ya 1980. Kuhusu Chinook tulikuwa sahihi, tukadhani shauri limekwisha. Babu hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea na wavu wake. Kimya kile nimekaa nacho miaka yote hii, na sijawahi kukuambia.

Basi jana nilikuwa na mapumziko, nikapanda treni kwenda Weston-super-Mare, mji wa pwani usio mbali na hapa. Bahari yake ungeishangaa. Maji yakipwa yanakwenda mbali kabisa, yanaacha tope la kahawia mpaka macho yanachoka kutazama. Pembeni ya mji, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, kuna makumbusho ya helikopta peke yake, The Helicopter Museum. Mtu mmoja, Elfan ap Rees, alianza kukusanya mambo ya helikopta tangu ujana wake mwaka 1958, na mkusanyiko wake ndio uliozaa makumbusho haya, yaliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1989. Wewe ungeanzia kwenye Mi-24 ya Kirusi iliyotumika Ujerumani Mashariki, ile tuliyokuwa tukiichora na meno kama mamba. Ipo, na ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ipo pia ile helikopta Lynx yenyewe iliyoweka rekodi ya dunia kwa kukimbia kilomita 400.87 kwa saa tarehe 11 Agosti 1986. Yenyewe, si mfano wake. Niliizunguka mara mbili, nikatazama ncha za mapanga yake zilivyopanuka kama kafi la mtumbwi, maana siri ya mbio zake iko pale.

Lakini nilipogeuka nikaiona helikopta iitwayo Belvedere, miguu iliisha nguvu.

Pua imeinuka, kweli kabisa kama mbuzi wa Babu. Miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, mwili mwembamba kama jahazi lililowekwa matanga mawili yaliyo sawa. Mkiani ina mbawa mbili zilizoinama kwenda chini. Mapanga mbele, mapanga nyuma. Nikakumbuka maneno yake moja moja, nikawa nayapima kwa macho, na hakuna lililopungua.

Jina lake kamili ni Bristol Belvedere, yaani imetoka kwa kampuni yenye jina la mji huu ninaokaa, na kiwanda kilichoiunda kilikuwa jirani tu na hapo makumbusho yalipo. Ziliundwa 26 tu. Ya kwanza iliruka mwaka 1958, jeshi la anga likaanza kuzitumia 1961, na kufika 1969 zilikuwa zimekwisha kustaafishwa. Ndiyo maana hatukuikuta kwenye gazeti wala kitabu chochote kile tulichokopa. Zimebaki tatu duniani, zote hapa Uingereza, na hakuna inayoruka.

Ile pua ya juu ina sababu. Mwanzoni waliichora kwa ajili ya jeshi la majini, ibebe topido chini ya tumbo, kwa hiyo ilihitaji nafasi. Jeshi la majini likajitoa, miguu mirefu ikabaki. Injini zake mbili zimekaa mbali: moja mgongoni kwa rubani, nyingine mkiani, zimeungwa na shafti ndefu inayopita juu ya mwili wote. Shafti hiyo inafanya kazi mbili. Inazuia mapanga ya mbele yasigongane na ya nyuma, na injini moja ikizimika iliyobaki inazungusha kote kuwili. Ni ufundi mzuri sana, Idi, ingawa namna ya kuziwasha injini zenyewe ilikuwa ya hatari, kwa kimiminika kikali kilichowahi kulipuka na kuziunguza baadhi yake. Mwaka 1962 Belvedere ndiyo iliyonyanyua mnara mwembamba na kuusimamisha juu ya paa la kanisa kuu jipya la Coventry, lililojengwa kando ya lile lililopigwa mabomu mwaka 1940. Mzee mmoja anayejitolea pale makumbusho alipogusia hilo, uso ulimbadilika kwa furaha, nikajua nimefika kwa watu wetu.

Nikamwuliza kama Belvedere ziliwahi kufika Tanganyika. Akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Akavuta kiti, tukakaa.

Kisa chenyewe tumesomeshwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Lugalo, wakitaka nyongeza ya mishahara na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu, kwa uchungu na fedheha, akalazimika kuomba msaada kwa Waingereza walewale. Hatukusomeshwa walikujaje. Manowari iitwayo Centaur ilitoka Aden na makomando wa 45 Commando. Ilibeba helikopta aina ya Wessex za kikosi cha 815 cha jeshi la majini, pamoja na Belvedere mbili za kikosi cha 26 cha jeshi la anga. Belvedere mbili, Idi! Alfajiri ya Jumamosi tarehe 25, manowari nyingine, Cambrian, ikapiga mizinga ya kupasukia hewani ili kuwababaisha waasi, na helikopta zikashusha makomando kwenye uwanja wa mpira kando ya kambi.

Sasa rudi kwa Babu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, hapo hapo Kawe. Alitwambia ngurumo ilitangulia kutoka baharini, akadhani radi, akatazama juu asione wingu. Hiyo ni Cambrian. Alitwambia ilikuwa Ramadhani, mama yake bado hajamaliza kuosha vyombo vya daku. Jana usiku niliitafuta kalenda. Ramadhani ya mwaka 1383 ilianza katikati ya Januari 1964, kwa hiyo asubuhi ile watu walikuwa kwenye kumi la mwanzo. Alitwambia zilitoka upande wa bahari, chini chini, makuti yakalala. Mtoto aliyeshika mizinga, mwezi na upande zilikotoka, sisi tukamwambia kwamba ndege hakuiona vizuri.

Lakini usimwulize kama unavyouliza habari za sinema. Askari wetu walikufa asubuhi ile, na Babu hakuwahi kukisimulia kisa hiki kwa kukifurahia. Alikuwa akifika kwenye milio ya bunduki anabadilisha mazungumzo.

Najua utakalosema. Umelisema tangu shuleni: ndege isiyoruka ni bati tu. Ulikuwa ukiona ndege iliyosimamishwa juu ya nguzo unaionea huruma kama samaki aliyekaushwa. Na mimi mwaka jana nilikaribia kukubaliana nawe, siku niliyokwenda Chard, huko Somerset, kwa hao Historic Helicopters wanaozifufua helikopta za kijeshi na kuzirusha. Niliona Wessex ikiwashwa. Injini iko puani, rubani amekaa juu kabisa kama dereva wa lori la zamani. Kwanza unasikia msonyo mwembamba wa turbini. Kisha panga moja linapita polepole, la pili, la tatu, la nne, halafu huwezi kuhesabu tena. Miguu yake inajinyoosha kabla haijaachana na ardhi. Ilipopita juu yetu mlio sikuusikia masikioni, niliusikia kifuani. Watu wazima walikuwa wamesimama vinywa wazi, mafuta ya taa yananukia hewani, mtoto mmoja kabebwa mabegani na baba yake, ameziba masikio na anacheka. Nilitamani ungekuwepo mpaka macho yakaniuma.

Kwa hiyo nakubali kwamba ndege inayoruka inakupa kitu ambacho makumbusho hayawezi. Ila sikiliza hili. Wessex ile ya Chard ni aina ya HU.5, yenye injini mbili za Gnome. Unaitambua kwa bomba moja nene la moshi kila upande wa pua. Wessex zilizokuja Colito zilikuwa HAS.1, mabomba mawili madogo kila upande, na injini yake ni Napier Gazelle. Na injini za Belvedere je? Napier Gazelle pia. Maana yake asubuhi ile juu ya Kawe zilipita aina mbili za helikopta zenye sauti ya injini za aina moja, na sauti hiyo leo sijui pa kuisikia ikipita angani. Wessex zenye Gazelle zilizobaki nyingi zimo makumbusho, kama ile maarufu waliyoiita Humphrey, iliyookoa askari wa kikosi maalumu cha SAS kwenye barafu ya kisiwa cha South Georgia mwaka 1982. Ipo Yeovilton, na matundu ya risasi bado inayo. Imesimama kimya.

Umbo nimelipata Weston. Mtikisiko wa mapanga nimeupata Chard. Sauti yenyewe anayo Babu, yeye na wazee wengine wachache wa pwani yetu waliokuwa watoto siku hiyo. Nilipomwambia hivyo yule mzee wa makumbusho, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba, kwa heshima kabisa, kama Babu ataridhia kusimulia ili yaandikwe.

Sasa fanya hivi. Nenda jioni baada ya swala, akiwa ametulia, na umchukulie kahawa. Simu yako iwe tayari kurekodi, lakini mwombe ruhusa kwanza. Picha usizitoe. Anza na sauti: mwulize ilikuwaje, nzito au nyembamba, ilianzia mbali au ilitokea ghafla, na je, zote zililia namna moja? Mwache aigize kwa mdomo kama alivyokuwa akitufanyia mlio wa boti. Usimsaidie neno.

Akimaliza, ndipo umwekee picha zote tatu kwa pamoja mkekani. Moja ni Belvedere niliyoipiga jana, ya pili Wessex, ya tatu Chinook. Nyuma sikuandika majina, nimeweka namba kwa penseli tu. Usiguse yoyote, wala macho yako yasiende upande mmoja, maana Babu anakujua. Mwulize ni ipi ilipita juu ya minazi. Huenda akachagua mbili, na hapo atakuwa amesema kweli tupu.

Kisha umwambie tunamwomba radhi, mimi na wewe, kwa siku ile barazani. Ningependa kumwambia mwenyewe, na tiketi nimeshakata ya Desemba, lakini sitaki asubiri mpaka Desemba. Mpe ile picha yake abaki nayo.

Wasalaam,
Swahiba wako,
Seif