Shangazi, mkojo unaokutoka leo ulianzia leba

Shikamoo shangazi,

Unauliza iweje mkojo uanze kukutoka sasa, ukikohoa au ukijitwisha ndoo, ilhali kitinda mimba wako ni mtu mzima. Jeraha ni la zamani. Kilichoondoka sasa ni kile kilichokuwa kikilifidia.

Mtoto anapopita, misuli inayobeba kibofu na uke huvutwa mno. Sehemu iliyo karibu na mfupa wa kinena hufika kama mara tatu ya urefu wake. Mshipa wa fahamu unaoiongoza huvutwa pia. Kwa wengi misuli hupona ndani ya miezi michache, ila si lazima irudi ilivyokuwa. Wapo ambao misuli hunyofoka kwenye mfupa, hasa mtoto akivutwa kwa koleo.

Miaka yote hiyo estrojeni, homoni ya kike, ilikuwa inakusitiri. Ngozi laini ya ndani ya mrija wa mkojo huitegemea homoni hiyo. Chini ya ngozi hiyo kuna vimishipa vilivyojaa damu, vinavyotunisha kuta mpaka zigusane, mfano wa ule mpira ndani ya koki ya bomba. Koki ikilegea kidogo lakini mpira ukawa mzima, maji hayadondoki. Hedhi ikikoma estrojeni hushuka, damu hupungua, ngozi hukonda na kukauka. Mpira umesinyaa, na ulegevu wa tangu leba ndipo unapoonekana.

UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinazokurudia zina chanzo hicho hicho. Estrojeni huzijaza seli za uke sukari, bakteria wazuri wanaila na kutoa asidi. Estrojeni ikikosekana, asidi hupungua: pH, kipimo chake, iliyokuwa kwenye 4 hupanda kupita 5, na bakteria wa haja kubwa wanapata makao jirani na njia ya mkojo. Ukijisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au magadi unawamaliza wale wazuri waliobaki. Osha nje tu, kwa maji.

Anza na mazoezi. Kaza kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, vuta kwenda juu, shikilia sekunde 6 hadi 8, kisha legeza kabisa kwa muda kama huo. Mara 8 hadi 12, awamu tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukatisha. Wengi hukosea kwa kubana makalio, kuziba pumzi au kusukuma chini kama wako chooni, na kusukuma huko kunaongeza tatizo. Usifanyie zoezi katikati ya kukojoa. Ukihisi chafya inakuja, au kabla hujainua ndoo, kaza kwanza.

Tafadhali usijinyime maji. Mkojo mzito hukiwasha kibofu. Punguza chai ya rangi na kahawa, hasa jioni.

Kuhusu homoni, muulize daktari dawa ya estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge. Kwa kawaida huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Hupunguza ukavu na kurudi kwa UTI. Vidonge vya estrojeni vya kumeza ni jambo jingine: havizuii UTI, na vinaweza kuongeza kuvuja. Kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, mwambie kabla hajaandika chochote. Ukiona damu ukeni baada ya hedhi kukoma, nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo. Damu kwenye mkojo pia haingoji. Kwa aliyekulia Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho.

Yule jirani uliyemtaja, anayelowa mchana na usiku hata akiwa amelala tangu alipojifungua, huenda ana fistula. Kichwa cha mtoto kilibana kibofu kwenye mfupa kwa muda mrefu, nyama ikakosa damu ikafa, na baada ya siku kadhaa ikadondoka na kuacha tundu. Mazoezi hayazibi tundu. Akiwahi mapema, tundu likiwa dogo, kuna wanaopona kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa, wengine hushonwa. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Mwambie asisubiri.

Wewe, kabla ya kwenda kliniki, andika kwa siku tatu: saa uliyokunywa na kiasi gani, saa uliyokojoa, na ulikuwa unafanya nini mkojo ulipotoka. Karatasi hiyo mpe daktari.