Bunduki ya upepo sio ya kumpa kijana eti akafukuze kunguru

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nimjibu yule mchangiaji aliyeandika hapa kwamba dawa ya kunguru Tanga ni bunduki ya upepo, yaani kila mtaa vijana wawili watatu wapewe, wazunguke nazo asubuhi na jioni mpaka ndege waishe. Kero yake naielewa kabisa, mi mwenyewe nafuga kuku huku Pongwe na najua kifaranga akichungulia tu nje ya tenga keshabebwa. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar enzi za Waingereza, miaka ya 1890 huko, eti wale taka za mji, afu wakavuka bahari wakatujazia pwani nzima. Sawa. Ila ushauri wenyewe umenitisha, na nimeona watu wanausifia bila hata mmoja kuuliza hiyo risasi ikimkosa kunguru inaenda wapi.

Maana hapo ndo pa kuanzia. Kunguru anakaa wapi? Juu ya bati, juu ya mnazi, kwenye waya wa umeme. Nyuma yake kuna nini? Mbingu, na chini ya hiyo mbingu kuna mtaa wa pili. Nenda Ngamiani au Makorora uangalie nyumba zilivyobanana, ukuta kwa ukuta, mama yuko uani anafua, watoto wako kibarazani, halafu kijana amesimama barabara ya nyuma analenga paa. Bunduki ya upepo ya mtu mzima, ile yenye mtutu wa upana wa milimita 4.5 ambayo ndo wengi wanayo, inatoa kirisasi cha karibu nusu gramu kwa mwendo unaoweza kufika mita 250 hadi 300 kwa sekunde, na kwenye vitabu vya maelekezo wenye viwanda wenyewe wanaandika kwamba ni hatari mpaka zaidi ya mita 300. Mia tatu! Hiyo ni viwanja vya mpira vitatu ukivipanga. Ya 5.5 kirisasi ni kizito zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii upepo tu haiui", muulize kama amewahi kusoma hicho kijitabu kilichokuja ndani ya boksi au alikitupa pamoja na boksi.

Na inaua, tusidanganyane. Duniani kumeshatokea vifo, hasa watoto, kirisasi kikiingia kichwani au kifuani. Haina mlio mkubwa, haina moshi, haina baruti, basi watu wanaichukulia kama manati iliyochangamka.

Mi nilifundishwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge, na mjomba hakunipa kirisasi hata kimoja mpaka kwanza nimjengee ukuta wa kupigia. Yaani nilichimba udongo nikarundika tuta refu kuliko mimi, tageti inakaa mbele ya tuta, na kila ukilenga lazima nyuma uone udongo. Hukuona udongo, hupigi. Mpaka leo ndo utaratibu wa hapa kwangu, magunia ya mchanga nayo yanafaa. Usipige kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, usipige kwenye pipa la chuma, usipige juu ya maji, na shina la mnazi lililokauka nalo silipendi, kwa sababu kirisasi kinaruka na kurudi na hujui kinarudi upande gani. Vile vigololi vya chuma ndo vibaya zaidi, hivi vya madini ya risasi vikigonga pagumu mara nyingi vinabonyea, chuma hakibonyei, kinakurudia usoni. Miwani ya kukinga macho ivaliwe na kila aliyepo, sio mpigaji peke yake, na watazamaji wakae nyuma yake, sio pembeni sijui kwa sababu wanataka kurekodi video.

Sasa mambo ya mikononi. Mtutu unaelekezwa chini au kwenye tuta muda wote, hata kama una uhakika haina kitu ndani, na hasa kama una uhakika haina kitu ndani. Kidole kinakaa nje, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, kinaingia kwenye triga pale tu umeshalenga na umeshaamua. Sefti, kile kizuizi cha triga, iwekwe lakini usiiamini, ni kichuma tu kile, kinachakaa na kinaweza kugoma. Na ukimpa mtu bunduki mkononi unampa ikiwa haijakokiwa (yaani springi haijavutwa) na haina kirisasi, na yeye akiipokea anaangalia mwenyewe, hakuna cha "niamini bwana".

Kwenye zile za kuvunja mtutu (nyingi za huku ni hizo) kuna jambo wauzaji hawalisemi. Ukishavuta mtutu chini umekandamiza springi kubwa yenye nguvu sana, na wakati unaingiza kirisasi mtutu uko wazi, vidole vyako viko pale pale kwenye mdomo wake. Kama triga itaguswa au kile kichuma kinachoshika springi kimechoka, mtutu unaruka juu kwa nguvu zote, vidole vinabanwa vibaya na mtutu wenyewe unapinda. Kwa hiyo mkono mmoja unashika mtutu kwa nguvu mpaka umalize kupakia na kuufunga, mkono mmoja tu ndo unapakia, na triga haiguswi kabisa. Nimeona vijana wanakoki wameweka kitako gotini, mikono yote miwili inahangaika na kirisasi, mtutu umeachiwa unaning'inia. Sikuweza kukaa pale, niliondoka. Na ukishakoki usiiweke tu pembeni ukaenda kula, kwanza springi inalegea, pili kuna mtu atakuja kuiokota. Nyingi ya hizi zikishakokiwa sio salama kuziachilia kwa mkono, ukibadili mawazo piga kirisasi kwenye udongo laini hapo hapo yaishe. Ila usizoee kuifyatua bila kirisasi ndani eti unafanya mazoezi ya triga, maana pistoni inakosa upepo wa kuizuia inagonga mbele chuma kwa chuma, sili inapasuka, springi inakatika, afu utasema umeuziwa feki.

Mafuta nayo. Watu wanachukua mafuta yoyote, ya cherehani, ya pikipiki, wengine hata ya kula, wanamimina kwenye tundu la upepo ili iwe laini. Hewa ikikandamizwa ghafla inapata joto kali, mafuta yale yanawaka ndani, unasikia mlipuko na moshi unatoka mdomoni mwa bunduki, na kijana anafurahi kweli, "imeongezeka nguvu!" Haijaongezeka nguvu, inajiua, na kirisasi kimetoka kwa mwendo ambao hukuutegemea. Kwenye chumba cha upepo ni mafuta ya silikoni, tone moja, tena mara chache sana. Kwa nje ni habari nyingine, chumvi ya bahari yetu hii inakula chuma, hivyo kila ukimaliza futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo au baada ya masika utakuta kutu mpaka kwenye uzi wa skrubu.

Siku hizi zimeanza kuonekana na zile za mtungi, unajaza hewa kabla. Hizo ndo zinanipa wasiwasi zaidi. Tairi ya gari inabeba presha ya bar 2 na kitu hivi, huo mtungi mdogo unabeba bar 200 na wengine zaidi. Bar mia mbili, karibu na shavu lako! Unajazwa hewa safi kavu tu, kwa pampu yake au kompresa kama ya wazamiaji, na unaangalia geji. Oksijeni ya wachomeleaji HAPANA, narudia hapana, oksijeni yenye presha ikikutana na chembe ya mafuta inalipuka, hiyo sio bunduki tena ni bomu umekumbatia. Nimeshasikia kwa masikio yangu kijana anauliza bei ya kujaza kwa fundi wa kuchomelea, nashukuru fundi alimfukuza.

Halafu ile tabia ya kushika virisasi mdomoni ili mikono iwe huru. Jamani ni madini ya risasi yale, ni sumu, inaingia mwilini taratibu na haitoki kirahisi, na kwa mtoto inaharibu ubongo. Viwe kwenye kopo lake, ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla hujashika chapati.

Nirudi kwenye macho, maana hapa ndo watu wanapotea. Jicho linapasuka kwa mwendo mdogo sana kuliko ule wa kuingia nyama, kwa hiyo hata bunduki uliyoiona dhaifu, ya zamani, inayodondosha kirisasi mita 30 tu, kwa jicho inatosha kabisa. Na ubaya wake jeraha halitishi. Unakuta kitundu kidogo, damu kidogo au hamna, mtoto analia kisha ananyamaza, mama anamwekea maji ya baridi, mwingine anakamua kitunguu au anatia chai ya rangi, wanasema kesho litakuwa sawa. Kumbe kirisasi kiko ndani, kimepita nyuma ya jicho. Likitokea hilo usilisugue, usilikandamize, usilioshe, usitie dawa yoyote ya dukani, na ukiona kitu kimechomoza usikichomoe. Chukua kikombe cha plastiki au kata kitako cha chupa, funika juu ya jicho bila kugusa jicho lenyewe, funga kwa kitambaa, mtoto akae kichwa juu, asile, na uende hospitali kubwa yenye daktari wa macho na eksirei, sio zahanati ya kupewa plasta. Sema ukweli kwamba ni bunduki ya upepo, usiseme ameanguka kwenye mwiba kwa sababu unaogopa kesi, daktari akidhani ni mwiba hatapiga eksirei. Na kama kilichotumika ni kigololi cha chuma, kiseme pia, kwa sababu kuna kipimo cha sumaku cha MRI ambacho kitakisogeza kile chuma ndani ya jicho. Hivyo hivyo kwa kitundu kidogo cha tumboni, kifuani au kichwani, udogo wa tundu haukwambii kilichotokea ndani.

Mchangiaji alisema pia kwamba hizi ni za michezo, hata Olimpiki zipo. Ni kweli zipo, mita 10, tangu Los Angeles 1984. Lakini angeangalia wanavyofanya. Ile bunduki ya mashindano inarusha kirisasi kwa mita kama 170 kwa sekunde, dhaifu kuliko hizi za mtaani, tageti ina kidoa cha katikati cha nusu milimita, nyuma kuna kizuizi, na mtu akimaliza kupiga anafungua bunduki na kuchomeka kamba ya rangi ndani ya mtutu ili kila mtu aone kwa mbali kwamba haina kitu. Bingwa wa dunia anafanya hivyo. Sasa sisi kijana wa Mabawa anaibeba mgongoni kwenye baiskeli, imekokiwa, mtutu unaangalia anayekuja nyuma.

Na hata kwa kunguru zenyewe haitasaidia. Ukimwangusha mmoja waliobaki wanakukariri, kesho ukitokea tu na hicho kitu mkononi wanapiga kelele wanahama mti, wanarudi ukishaingia ndani. Wanafuata taka, ondoa matumbo ya samaki na makombo yanayotupwa wazi wazi sokoni uone kama watabaki wengi hivi. Vijana wakiwakosa kunguru watahamia kwa tetere, njiwa pori na mnana, na hapo unaingia kwenye Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ndege pori hawawindwi bila kibali. Na silaha tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda kituo cha polisi uulize, usiulize dukani, maana mwenye duka jibu lake unalijua.

Anayemiliki kihalali simpingi, mi mwenyewe Jumapili nikimaliza kazi za shamba napiga makopo kwenye tuta langu na ni raha kweli. Ila ifungiwe kabatini na kufuli, virisasi vikae kwingine, ufunguo ukae na mtu mzima mmoja, na kijana aliye chini ya miaka 18 asiguse bila mkubwa kusimama pembeni yake, simu ikiwa mfukoni.

Mhariri, najua nimeandika ndefu. Kama nafasi haitoshi kata pale kwenye springi na mafuta, hata Olimpiki kata, lakini habari ya jicho naomba uitoe yote.

Mkulima na msomaji wako wa siku nyingi,
Pongwe, Tanga